Majivu ya Jumatano

Jumatatu, 16 Februari

Maktaba tena, tangu saa mbili. Mmisionari ninayemwandikia alienda India kuwahubiri Wahindu, akaishia kuisoma dini yao miaka thelathini. Ninampenda kuliko inavyofaa kumpenda marehemu. Leo nimenakili ukurasa wake juu ya majivu ambayo wafuasi wa Shiva hujipaka kwenye paji la uso. Saa sita Pasta, anayesimamia mémoire yangu, tasnifu ya kumaliza chuo, ameirudisha sura ya tatu. Anasema hamna Mhindu hata mmoja aliye hai ndani yake. Nisipompata kufikia Ijumaa, sitaitetea mbele ya jury mwaka huu. Ana haki. Nimechukia.

Jumanne, 17 Februari

Duka la vitambaa la Muhindi, barabara ya Lumumba. Nimepita mbele yake mara tatu. Sikuingia. Mwoga.

Jumatano, 18 Februari

Nimeingia. Mwenye duka alikuwa na majivu kwenye paji la uso. Nikadhani nimempata Mhindu wangu. Bila hata salamu ya kutosha nikamuuliza familia yake inamwabudu Shiva tangu lini.

Alinitazama kwa huruma. «Dada, weye ni mukristo wa wapi? Leo ni Jumatano ya Majivu. Natoka ku misa.»

Mkatoliki. Sisi Waprotestanti hatupakwi majivu. Siku ilinipita kabisa. Akaongeza kwamba kwao, kusini mwa India, walibatizwa wakati babu zangu hawajasikia hata jina la Yesu. Nilitaka kujificha chini ya vitenge. Kisha akanionyesha mlango wa nyuma. Muhindu ninayemtafuta ni bibi yake, yaani mkewe, iko anakunywa chai.

Nimekaa naye saa tatu nzima. Naye hujipaka majivu, akumbuke kwamba mwili utapita.

«Bwana yangu anakumbuka kifo siku moja kwa mwaka,» alisema. «Miye kila asubuhi. Nani mukristo muzuri hapa?»

Mume alicheka kutoka dukani. Nimerudi nyumbani Ngezi kwa miguu, nikicheka peke yangu. Watu walinitazama. Watazame.

Ijumaa, 20 Februari

Sura mpya inaanza na kosa langu. Pasta aliuliza kama sioni haya. Naona. Lakini sitalifuta. Alisoma hadi mwisho akiwa amesimama, kisha akaandika: itetewe. Nimeshuka ngazi mbili mbili.

Jumapili, 22 Februari

Baada ya ibada nimeenda kumwambia yule Mama Mhindu, nyuma ya duka. Aliuliza jury ni nini. Nikaeleza: walimu watatu watakaoniuliza juu ya watu kama yeye. Akasema atakuja kuketi mbele, asikie kama ninajibu vizuri. Akanimiminia chai. Mvua juu ya mabati.