Gunia Nililolikalia

Krismasi, jioni. Garsen.

Bado nina hasira. Shemeji yangu alitaka kufungua gunia la mpunga wa mbegu, eti wageni wale wali washibe. Nikalikalia.

"Shuka, shemeji. Leo ni sikukuu!"

Sikushuka. Mafuriko yalipochukua nyumba na migomba, gunia hili nililibeba kichwani mpaka kambini, mtoto mgongoni. Mwaka unaisha na hakuna tuliyemzika. Asante Mungu. Naogopa mto utafurika tena, sikatai, lakini mvua ikinyesha nitapanda.

Wageni walikula mihogo na samaki, wakanung'unika. Ndipo mama mkwe, ambaye hajawahi kunitetea hata siku moja, akaja na sahani yake mkononi.

"Sogea," akaniambia, akakaa nami juu ya gunia.