Huyu Sikupi, Dada

Dada Paskalina,

Mama mkwe wako anasema unamwita mtoto, eti ndiyo maana haongezeki uzito. Kama ni kweli, acha. Acha kabisa.

Tangu tukuzike Endasak nimerudi hapa Haydom, nakaa na binti yako wodi ya watoto njiti. Nimemfunga kifuani kwa khanga yako, ngozi kwa ngozi, maana joto la mtu ndilo linalomkuza. Akisahau kupumua namkwaruza unyayo, anakasirika, anavuta hewa. Hasira hizo ni zako. Unakumbuka nilivyokuamsha twende kuchota maji, ukanirushia kandambili?

Juzi nyayo zake zilipauka kama ugali wa sembe. Muuguzi akasema damu imepungua, njiti wengi hupata hivyo, aongezewe. Nikanyoosha mkono wangu. Damu yangu ikapimwa, ikafaa. Wewe damu ilikuishia ukijifungua, mimi nimesimama tu, nimeshika viatu vyako. Safari hii hapana.

Mama mkwe wako naye, huko kwenye ng'ombe zake chini ya Katesh, alishasikia mjukuu hana damu. Akapanda basi na kibuyu cha maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe, kama wanavyopewa waliotoka kujifungua kwao. "Lete mtoto anywe." Dada, shikamoo nilimpa, mtoto sikumpa! Huyu analishwa maziwa ya kupimwa, kwa mpira wa puani. Nikamwambia hivyo mbele ya wodi nzima, mimi ambaye hata nyumbani kwake sijawahi kuinua macho.

Akabaki amekumbatia kibuyu chake. Alikuwa amesafiri nacho tangu alfajiri, bibi wa watu. Roho ikaniuma.

"Mama, aliyetolewa damu ni mimi. Nipe mimi."

Nikanywa chote, mimi ninayetapika nikinusa tu maziwa mabichi. Akacheka, kisha akalia, akakalia kitanda changu. Muuguzi akamwonyesha kunawa, akamfungia mtoto kifuani. Sasa tunapokezana. Yeye humwimbia kwa lugha yake, na leo asubuhi nyayo zilikuwa na wekundu.

Nakupenda, na nimekukasirikia sana kwa kuondoka. Pumzika. Tukiruhusiwa nitamleta kaburini kwako, nimemfunga kifuani hivi hivi, umtazame mpaka uridhike. Kumtazama tu, dada. Jioni narudi naye nyumbani.

Mdogo wako,
Restituta