Yai la Bluu la Baba Kalina

Mwaka umetimia, Baba Kalina, tangu utuache, na kofia yako bado inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimeshaambiwa niitoe. Siitoi.

Ulikuwa fundi wa tramu hapa mjini Sofia, mikono ikinuka grisi hata siku ya harusi ya binti yetu. Jirani akileta birika bovu, unalitengeneza huku unanung'unika, kisha unamrudishia pamoja na chupa ya jamu. Mbishi ulikuwa, Mungu akurehemu, lakini moyo wako ulikuwa mweupe.

Saratani ilipokupata, ukanyamaza. Hilo lilituumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Unakula kidogo, unalala, unageukia ukutani. Nikikuuliza unajisikiaje, "Vizuri." Mtu anakwisha mbele ya macho yangu, ati vizuri!

Ndipo Radostina, yule dada anayewafundisha wagonjwa kuchora pale wodini, akakualika. Alianza kwa kuwaambia mfumbe macho, kila mtu asikilize pumzi yake taratibu. Ukamjibu, "Binti yangu, nimepumua miaka sitini na saba bila mwalimu." Wenzako wakacheka, naye akacheka. Lakini wiki iliyofuata ulirudi mwenyewe, bila kusukumwa.

Alhamisi Kuu mkapaka mayai ya Pasaka rangi, nami nilikuwa nimekuja kukuona. Kila mtu anajua yai la kwanza huwa jekundu. Hilo ndilo linalokaa kando ya picha ya Mama wa Mungu mwaka mzima, lilinde afya ya nyumba, mpaka la Pasaka nyingine lishike nafasi yake na la zamani lizikwe. Wewe ukachovya la kwanza kwenye bluu! Akina mama wakapiga kelele, "Ebo, Stamen! Unatuletea mkosi!" Ukainua mkono wenye dripu, ile dawa nyekundu ya saratani ikishuka. "Nyekundu yangu hii hapa, inaingia mshipani. Inatosha."

Kisha ukanipaka mashavuni kwa yai lile, kama bibi anavyowapaka wajukuu wapate afya, na rangi haijakauka. Ukaninong'oneza, "Tsonka, naogopa. Ila nikishika brashi, hofu inakaa pembeni kidogo." Tukalia wote wawili. Nilipanda basi mpaka nyumbani na mashavu ya bluu, na hakuna aliyeniambia kitu. Tangu siku ile ulizungumza nasi mpaka mwisho.

Wiki tatu baadaye ukaondoka. Wapo waliosema ni lile yai. Wapotelee mbali! Lile yai ndilo lililonirudishia mume wangu.

Mwaka huu Pasaka imechelewa, imeangukia kwenye kumbukumbu yako. Yai lako lilipaswa kuzikwa, nami niliapa kwamba halitoki humu ndani. Alhamisi mjukuu wetu Bilyana akaniuliza, "Bibi, la kwanza tunalipaka rangi gani?" Loo, nikajikuta nimeshamsogezea bakuli la bluu. Akalichovya, akanipaka mashavuni, akacheka kicheko chako kabisa. Basi moyo ukaniruhusu. Lako tutakuletea Jumapili, tulizike hapo ulipolala.

Tunakukumbuka: mimi mkeo Tsonka, binti yako Kalina, mkweo Ivaylo, mjukuu wako Bilyana, na Radostina pamoja na wenzako wote wa chumba cha kuchorea.

Siku zote tutakukumbuka, Baba Kalina. Uso bado sijanawa.