Kiltire ya Syntiche

Siku ya kazi moya, 31 Machi 2025
Syntiche, mujukuu wangu, amekuja kuniambia miye Kaku yake: amepata kazi. Ati iko anafanya kiltire ku labo, hapa hapa mu Annexe, mutaa yetu. Kiltire! Masista balitufundisha Kifalanse kadogo, ile neno najua: ni kulima. Masomo yote ile, arudie ku jembe? Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Lakini mulimaji bila jembe ni mupumbafu. Nimemuwekea ile ya marehemu bwana yangu, Stanislas.

Siku ya kazi tatu, 2 Aprili
Nimeenda kuona shamba yake. Jembe ku bega, na kamufuko ka mavi ya kuku. Ku mulango bakanivalisha koti ya mweupe na kofia ya karatasi — miye! Nikauliza shamba iko wapi. Alexis, mukubwa yabo, akanionyesha kasahani ka kioo, matone-matone ndani.
"Kaku, shamba ndiyo hii."
Bote balicheka. Syntiche hapana. Alipokea jembe na mikono mbili, akaisimamisha polepole pembeni ya frigo. Mavi ya kuku balikataa.
Ati mu ile matone kuko mikrobe, bameifundisha kutengeneza dawa ya ugonjwa ya sukari, ile najidunga kila siku. Kwangu mikrobe inaua watu, kwake inasoma masomo!

Siku ya Mungu, 6 Aprili
Kisha misa, jirani Régine ananicheka: mutakula bukari ya unga ya mikrobe. Nikamuambia, dawa yangu inatoka mbali, inapita mupaka ya Mokambo, jua inaichoma mu kamyo. Siku moya makamyo itaenda Zambia imejaa dawa ya Annexe. Na vijana ya hapa batapata kazi bila kungoja mine ya shaba ibaite. Stanislas alichimba shaba mpaka akazeeka. Shaba ukiitoa haizai. Kale kadudu ka Syntiche kanazaa.
Akauliza ile kazi banaombea wapi. Muzuri.

Siku ya kazi ine, 10 Aprili
Ndiyo maana siku hizi Syntiche hakuli! Labo inataka kuwa fabrike kubwa ya dawa, na kiwanja inashikana nayo ni shamba yangu. Nikikataa kuitoa, banahamia Kinshasa, Syntiche pamoja. Alexis ndiye amesema. Nikamugombeza Syntiche: unanificha miye?
"Kaku, ile shamba ni ya Tate Stanislas. Siwezi kuiomba."
Mupumbafu. Nimemupikia majani ya sombe. Amekula.

Siku ya posho, 12 Aprili
Mahindi imekauka. Tunavuna, miye na yeye. Amekuja na jembe, mwenyewe. Mikono yake — malengelenge tayari! Zile gants za kuvaa mikono ku labo zimeilainisha. Nimeifunga na kipande ya kitambaa yangu.
Alexis alisimama pa mupaka, anaogopa kuuliza. Nikamuambia avue koti, abebe gunia. Amevua.
Sasa tunapumzika, naandika juu ya goti. Syntiche iko anachagua mahindi ya mbegu, kama nilivyomufundisha. Anauliza, safari hii tutazipanda wapi.
Nimemuambia: chagua tu, hapa fabrike itasimama. Ile frigo yenu iko na nafasi ya mbegu, mpaka tupate shamba ingine?
Ameacha kuchagua. Ananiangalia —