Ncha Yako ya Kamba

Wifi yangu Konso,

Sikuulizi habari za huko, maana najua ungenicheka. Nimekaa kibarazani mchana huu, Neema yuko shule, kaka yuko stesheni anapakua magunia, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia kuku wanavyoparua nyuma ya jiko. Zamani kimya kama hiki tungekitoa wapi? Wewe ulikuwa kelele tupu. Ukiosha vyombo unapiga sufuria, ukitwanga unaimba, ukinisuka unagonga mguu chini mpaka kichwa changu kinatikisika. Nikilalamika unasema, "Tulia wifi, natafuta wimbo."

Nimekukosa sana. Naliandika hapa kwa sababu watu wamechoka kulisikia. Jirani yetu muuza dagaa aliniuliza, "Vero, mbona unalia kuliko mwenye mke?" Yeye atajua nini? Siku niliyorudi kutoka kwa mume, bila mtoto na bila hata godoro, kila mtu alinitazama usoni kutafuta kosa langu. Wewe uliweka ungo chini, ukanipa ncha ya kamba, ukasema, "Shika hapo, hawa watoto wananichosha." Basi. Hukuniuliza kitu siku ile, na hukuniuliza baadaye. Tukazungusha kamba mpaka jua likaingia, mimi upande huu, wewe upande ule, na wasichana wa Makanyagio wanaruka katikati yetu.

Sasa nikueleze yaliyotokea tangu tukuzike.

Michezo imekwisha, wifi. Nyimbo ulizowatungia wanazo, lakini wamezichoka. Unawajua wale, wimbo wakishauruka mpaka vumbi linajua njia, wanataka mwingine. Wale wa Kashaulili waliokuwa wanakuja kutuibia michezo, sasa wana ya kwao na wanatutambia sokoni. "Fundi wenu amekwenda," ndivyo wanavyowaambia wetu. Watoto hawana adabu, lakini waliniuma.

Hilo ningelimeza. Lililonikaba ni Neema. Mwanao haruki. Anakaa kwenye kizingiti, mikono katikati ya magoti, anatazama wenzake kama anatazama mvua. Shuleni anaitikia jina tu. Nikimsuka hasemi hata "aa, unaniumiza". Kaka naye amekuwa mtu wa kuguna. Jioni moja akaweka kikombe chini akasema, "Shule zikifungwa na mtoto yuko hivi hivi, nampeleka Kasekese kwa bibi yake."

Mama yako ni mtu mwema, simkatai. Ana shamba, ana wajukuu wengine pale, mtoto hatalala njaa. Lakini wifi, Neema akienda, mimi nabaki na nani? Kaka mchana kutwa yuko stesheni, akirudi analala. Nilimwogopea mtoto, nikajiogopea na mimi. Siwezi kukudanganya wewe.

Ndiyo nikasema nitatunga mchezo. Mchezo mpya, mtamu, mpaka Neema mwenyewe ainuke kwenye kile kizingiti.

Loo! Nilidhani ni kitu chepesi. Miaka yote nimeshika kamba nikadhani na kutunga nimejifunza. Ncha yako niliifunga kwenye nguzo ya jiko, mimi nikashika yangu, nikaanza. Nikachukua vyumba vyako, kama ulivyokuwa unaviita: kwanza kibaraza, watoto wanaruka tu, halafu sebule, mguu mmoja, mwisho jiko, unaruka huku unapiga makofi na kuinama kama unapuliza moto. Mimi nikaona hiyo ni kazi ya watoto wadogo. Nikaweka makofi juu ya makofi. Nikaweka kugeuka, na kugusa chini, na kugeuka tena kabla kamba haijazunguka. Nilipomaliza nilijiona fundi kweli kweli, haki ya Mungu. Nikawaza, hata Konso hakuwahi kutunga kitu kama hiki.

Wasichana wakaingia, wakaanguka. Wengine wakaingia, wakaanguka palepale. Nikawafokea: "Nyie miguu yenu imefanya nini?" Wakatazamana. Kidogo kidogo wakaondoka mmoja mmoja, wakaenda kucheza rede kwa jirani. Nikabaki uwanjani na kamba yangu na nguzo yangu. Neema aliona yote toka kizingitini.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unasema. Akianguka mmoja, tazama miguu yake. Wakianguka wote mahali pamoja, jitazame wewe. Tena ulikuwa unanikataza kupima mchezo nikiwa nimekaa. "Uruke mwenyewe," unasema, "tena uruke ukitoka kisimani, umechoka, ndiyo utajua kama una huruma." Ninakuona bado, mwanamke mzima, kitenge umekikunja magotini, unaruka mchezo wako mwenyewe mchana wa jua huku mama wa jirani anakufa kwa kicheko. Pale ulipokosa pumzi ulikuwa unasimama na kushangaa kwa Kirundi chako, "Yampayinka! Hapa nimewaonea watoto." Halafu unatoa kitu. Kila mara ulikuwa unatoa, wifi. Mimi nilikuwa naongeza tu.

Basi nikaanza tena, na safari hii nikaanza na wimbo. Niliuimba nikienda kisimani, nikauimba nikichambua mchele, mpaka miguu ikaanza kuujibu yenyewe. Ulikuwa hivi:

Hodi hodi nyumba hii,
karibu ndani, kaa chini,
chai ipo, sukari haipo,
sasa toka, toka, toka...

Na hapo mwisho linatajwa jina. Si unajua, kwetu michezo yote ya kamba iko hivyo. Anayetajwa anatoka, mwingine anaingia. Na pale kwenye jina ndipo penye utamu, ndipo wote wanapopiga kelele mpaka mbwa wanabweka. Nikawaza, sasa hapa nimheshimu wifi yangu. Duru ya kwanza kabisa, kabla ya jina la mtoto yeyote, litajwe lako. Nilipenda wazo hilo mpaka nikalia jikoni peke yangu.

Jumamosi nikawaita. Walikuja kwa shingo upande, lakini walipoingia kibarazani mwa mchezo wakaona wanapita. Hata yule mdogo wa fundi baiskeli, mwenye kamasi, alipita. Wakaanza kucheka. Nikamwona Neema ameinua kichwa. Ukafika mwisho wa wimbo, wakavuta pumzi wote, wakapiga kelele kwa furaha kama nilivyowafundisha:

"Sasa toka, toka, toka Mama Neema!"

Konso, kamba iliniponyoka.

Wale wakubwa waliziba midomo. Neema alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, kama mtu mzima. Angeubamiza ingekuwa nafuu. Nilisimama pale nataka ardhi inimeze. Mtoto ametoka kumzika mama yake, na mimi nimewapanga wenzake uwanjani kwake wamwambie mama yake atoke. Na kwa wimbo mtamu! Kaka alirudi jioni, akaambiwa na majirani kabla hajafika mlangoni. Hakunifokea. Alisema tu, "Vero, acha. Nitampeleka."

Siku zile sikula vizuri. Nilipika ugali nikautazama. Nilitaka kuikata ile kamba niitie kwenye moto, na ningeikata, ila ni wewe uliyeisokota, na pale katikati bado pana fundo ulilolifunga ilipokatika.

Mchana mmoja, hakuna mtu, nikaenda kukaa kwenye kizingiti. Palepale anapokaa Neema. Mikono katikati ya magoti. Nikauimba wimbo wangu kwa sauti ndogo, nikautazama uwanja kutokea pale. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo. Nilikuwa nimeupima mchezo kwa miguu ya wanaoruka, na wewe ulikuwa huachi kumtazama yule ambaye bado hajaingia. Sasa ndiyo naelewa kwa nini ulikuwa unaacha nafasi pale mwanzo wa kila wimbo, mzunguko mzima wa kamba bila neno. Mimi nikikuuliza kwa nini unapoteza muda, unasema, "Buhoro buhoro, wifi, polepole. Kuna mtu anajipa moyo." Nilidhani ni Kirundi chako tu na uvivu wako.

Nikiwa pale kizingitini niliusikia wimbo. Mlango ulikuwa mgongoni kwangu. Jina lako nililipeleka mahali pa kutokea kwa sababu majina yote yanapelekwa hapo, na sikuuliza. Mbona mwanzoni mwa wimbo kulikuwa na hodi? Anayepiga hodi si hujitaja kwanza?

Nikatoa "toka" zote. Nikaacha mzunguko mmoja wa kimya, kama wako. Wimbo ukawa:

Hodi hodi nyumba hii.
Nani huyo? Mama Neema!
Karibu ndani, kaa chini,
chai ipo, sukari haipo.

Anayetajwa anaingia. Baada ya wewe anatajwa mwingine, naye anaingia, na aliyemo hafukuzwi. Akichoka anasema mwenyewe, "Asante, nimeshiba," anajitokea zake. Sijawahi kuona mchezo wa namna hiyo Mpanda nzima. Niliogopa watasema hauna ushindani.

Jana jioni niliwaomba wasichana wachache tu, nikawafundisha kwa sauti ya chini nyuma ya jiko. Mmoja akaniuliza, "Shangazi, hatutamliza tena?" Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Nilishika ncha yangu, yako ikiwa kwenye nguzo, na kamba ikawa inazunguka kwa kulegalega kama kawaida yake tangu uondoke. Nguzo haikusikilizi, wifi. Inashika tu.

Wakaimba. Kikapita kile kimya. "Nani huyo?" Halafu wote: "Mama Neema!" Na ile nafasi katikati ya kamba ikabaki wazi, duru nzima, hakuna aliyeruka, maana hiyo ilikuwa yako. Wakaikaribisha ndani. Wakaiambia ikae chini. Mimi machozi yalikuwa yananitoka lakini mkono sikuusimamisha.

Neema akainuka.

Nilidhani anaingia ndani. Halafu nikadhani anakuja kuruka, nikaanza kupunguza mwendo. Alinipita mimi, akawapita wenzake, akaenda kwenye nguzo. Fundo lilikuwa gumu, nililifunga kamba ikiwa na maji. Alilivuta kwa vidole, likakataa, akaliuma kwa meno mpaka likalegea. Akazungushia kamba mkononi kama ulivyokuwa unazungushia wewe, akarudi nyuma ikakaza, akanitazama. Nilikuwa nimeganda. Akasema, "Shangazi, buhoro buhoro."

Kamba ikalia, Konso. Ule mlio wake wa kupiga chini, ambao sijausikia tangu homa ile ilipokulaza.

Kaka alipofika alisimama njiani, shati begani, akatazama mpaka wasichana wakaitwa makwao. Kuhusu Kasekese hakusema neno. Wakati wa kula alisema tu kwamba kamba imechakaa, atatafuta katani stesheni. Neema akasema, "Baba, ile ya mama tusiitupe." Akasema sentensi nzima, wifi, na mdomo umejaa ugali.

Usidhani nimepona. Asubuhi wakishaondoka bado nakusikiliza jikoni, na bado nakuwekea kikombe. Kusukwa sitaki mtu mwingine. Pengine nitazeeka na nywele timtim.

Lakini nakuahidi hili. Ncha yako haitafungwa tena kwenye nguzo. Neema akiwepo atashika yeye. Siku akikua akienda zake, nitamwita mtoto yeyote anayepita njiani nimpe, bila kumuuliza kitu. Na wewe kila jioni tutakuitia mlangoni. Usiwe na haraka. Mzunguko wa kwanza tunauacha wazi.

Lala salama, mama Neema.

Mimi wifi yako,
Vero