Kiyoyozi cha Mama

Alhamisi

Na bado anataka ashukuriwe! Kaka Faruk yuko Dubai, hajalala nyumba hii tangu alipooa, lakini ndiye aliyetuma mafundi wakaziba matundu ya mbao juu ya dirisha la Mama, wakapiga saruji juu ya chokaa ya babu, wakatundika kiyoyozi. Eti mamake asione joto.

Nyumba ya mawe hii ilikuwa ikipumua yenyewe. Upepo uliingia dirishani ukatokea kwenye matundu, hata pangaboi hatukuwasha. Sasa ukuta unatoka jasho, godoro linanuka uvundo, na tokeni za umeme hazikai. Basi Mama hukizima. Kikizimwa, chumba ni tanuri.

Leo baada ya Alasiri nimemkuta ameketi ngazini, kanga imelowa, anajipepea kwa kipepeo cha ukili.

"Mama, kesho naita fundi azibue yale matundu."

"Thubutu! Kakako atavunjika moyo."

Simu ikalia, naye ndiye. Mama akaweka kipepeo chini, akajipangusa uso kwanza, kana kwamba ataonekana.

"Baridi tele, mwanangu! Jana nimejifunika blanketi. Allah akujaze kheri."

Nilitaka kupiga kelele. Ana presha, na hapandi ngazi siku hizi bila kupumzika katikati. Naogopa siku moja nitarudi kutoka kazini nimkute pale pale, na kipepeo mkononi, na...

Akaninyoshea simu. "Nawe mshukuru kakako."

Nikamshukuru.