Kitambaa cha Kijani cha Dakika ya Sabini na Moja

Mpendwa Dada Tasneem,

Naomba msaada wako kabla filamu ile haijarudi sinemani mwezi ujao, na naomba usinicheke, maana jambo lenyewe ukilisikia juu juu ni kichekesho, ni habari ya kosa ndani ya filamu ya kijasusi, lakini kwangu mimi ni habari ya mtu.

Ni mjane wa miaka hamsini na mbili, naishi Jogeshwari, hapahapa Mumbai, chumba kimoja na mama mkwe wangu ambaye mtaa mzima humwita Ammi, na riziki yangu ni kushona mapindo ya sari. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kuruka. Watu wa sinema wakisikia hivyo wanaelewa: steringi anasimama ukingoni mwa paa, anakunja uso, wanakata, anakuja mtu mwingine mwenye nguo zilezile, anaruka yeye, wanakata tena, na steringi anainuka kutoka chini akijipangusa vumbi. Huyo wa katikati alikuwa mume wangu, miaka kumi na minne, na uso wake haujaonekana hata siku moja. Watazamaji hupenda kusema steringi hafi, nami huwa nakubali, maana kweli hafi.

Jumamosi alizokuwa hana kazi tulikwenda onyesho la saa tisa, picha za majasusi tu, kwa sababu alisema hakuna watu wenye akili wanaotengeneza mambo ya ovyo kama wale. Yeye alijua mahali pa kutazama. Aliniambia nisiangalie nyuso, niangalie vitu, na tulikuwa na mchezo wetu gizani: akiona kosa la macho ananigonga goti kwa kidole kimoja, kama glasi ya chai iliyokuwa nusu ikajaa yenyewe wakati jasusi anaongea, au kovu lililoingia Istanbul likiwa nyusi ya kushoto likatoka nyusi ya kulia, na akiona kosa la akili, tundu kwenye hadithi yenyewe, ananigonga kwa vidole viwili. Nakumbuka moja, jasusi kavuka mto wa mpakani kwa kuogelea, kipande kinachofuata yuko kwenye karamu ya maadui amevaa suti.

"We mwanamke," akaninong'oneza, "huyu kaogelea hana hata kifuko. Suti hiyo nani kampigia pasi?"

"Samaki," nikamjibu.

Alicheka mpaka mtu wa mbele akageuka. "Shemeji, mpeleke nyumbani huyo, sisi wengine tumekuja kutazama."

Sasa nikueleze kosa lenyewe. Ilikuwa filamu ya Kapteni Dhananjay, kila mtu anaijua, na kile kipande cha daraja la reli walikwenda kukipiga nje ya mji wa Nashik, kwa hiyo asubuhi ya safari Ammi alimfunga mwanawe dhamana ya Imamu, sarafu ndani ya kitambaa cha kijani, juu ya mkono wa kulia, kama anavyofungwa kila msafiri kwetu, na akirudi salama sarafu hiyo hupewa maskini. Ammi alifunga mafundo mawili, moja la kwenda na moja la kurudi, na lile la kurudi alilisukuma chini ya kitambaa ili lisichezewe na mtu. Mume wangu alisema, "Ammi, Kapteni ni Mhindu, utanifukuzisha kazi," naye akajibu, "Basi Kapteni aruke mwenyewe."

Aliruka kutoka kwenye behewa la mizigo, akafika vizuri, akasimama, watu wakapiga makofi. Lakini shati lilikuwa limechanika begani na kitambaa kikatokeza, na msichana mwenye daftari, yule ambaye kazi yake ni kuangalia nguo zifanane kipande kwa kipande, akasema kipande kilichotangulia mkono wa Kapteni ulikuwa mtupu. Mwongozaji akasema turudie. Haya nimeyapata kwa rafiki yake, Gaikwad, ambaye ndiye aliyekuwa anapanga maboksi ya kuangukia, alikuja kunieleza arobaini ilipopita. Anasema mume wangu aliwauliza, "Kitambaa mmekiona, hamjaona kwamba Kapteni amepungua kimo vidole vinne?" Wote wakacheka. Akakifungua mwenyewe, akampa Gaikwad amshikie, akapanda tena. Hiyo mara ya pili sitaiandika.

Filamu wakaimalizia kwa ile mara ya kwanza, hawakuwa na nyingine. Kwa hiyo, dada, kilichomo katika dakika ya sabini na moja, sekunde tatu tu, ni ile mara aliyofika.

Ammi sasa haoni ila ukungu. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri hunitaka niweke diski, anakaa chini karibu na televisheni, na ikikaribia anasema, "Anakuja," nami nasema, "Amefika," anashusha pumzi, nazima, tunakula. Ni miaka ishirini na moja.

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Mwaka huu kampuni ilitangaza inairudisha filamu sinemani ikiwa imesafishwa, na gazeti lenu lina ule ukurasa wa Jumapili wa wasomaji kutuma makosa ya filamu, wakaomba safari hii tutume makosa ya hiyo tu. Nikatuma. Sijui nikueleze vipi kwa nini nilituma, nadhani nilichoka kuona mji mzima unamtazama mume wangu na haumwoni, nikataka amwone japo mtu mmoja, hata kama ni kwa jina la kosa. Niliandika: "Dakika ya sabini na moja, mkono wa Kapteni ulikuwa mtupu, mara una kitambaa cha kijani kilichofungwa mafundo mawili, moja limefichwa chini." Nikatia jina la uongo. Walilichapisha la kwanza kabisa, juu, nikalikata nikalitia ndani ya kopo la vifungo, nikafurahi kama msichana.

Watu wakacheka wiki nzima, wakaandika, "Hivi hakuna hata mmoja aliyeliona?" Waliliona, dada. Waliliona.

Jumapili iliyofuata kampuni ikashukuru wasomaji wenye macho makali, ikasema makosa kumi na moja yamesharekebishwa kwa kompyuta, na mkono ule umefutwa kitambaa, na kwa kuwa walikuwa hapohapo wakarekebisha na kimo na shingo ili vifanane na vya steringi, na kazi yote ilichukua mchana mmoja. Mchana mmoja! Na steringi alipoulizwa akacheka akasema kitambaa kile alifungwa na shabiki, kwamba aliruka mwenyewe na mgongo unamuuma mpaka leo. Mgongo unamuuma.

Siwezi kuwaendea, maana siku ya maziko waliniletea karatasi niahidi sitamtajia mtu nani aliyeruka. Ammi aligeukia ukutani akakataa kushika kalamu. Nilisaini peke yangu, maiti ilikuwa inasubiri.

Jirani yetu Sabiha humsomea Ammi magazeti ya wiki kila Jumapili, na alimsomea ukurasa ule wa makosa. Ammi alimwambia, "Rudia hapo kwenye mafundo." Akarudia. Ammi akasema, "Haya," akaomba chai. Tangu siku hiyo Ijumaa tatu zimepita hajataka diski, anasema macho yanamuuma. Dada yangu wa tumbo moja ananiambia ninyamaze, "Bibi mwenyewe haoni, utamjeruhi moyo bure." Lakini ni mimi niliyempeleka mwanawe akafutwe, kwa mkono wangu na kwa stempu yangu. Nimwambie? Au niendelee kumwekea diski ya zamani kama hakuna kilichotokea? Jina la marehemu sikuliandika, si kwa kuogopa ile karatasi tu, ni kwamba kwetu mke halitaji jina la mumewe, na sijawahi.

Ni mimi,
Nuzhat (si jina langu)

*

Mdogo wangu,

Pole. Naisema mara moja na naisema kwa moyo wote, kisha tufanye kazi, maana muda hatuna.

Mumeo alikufundisha kuona makosa ya watu. Ngoja nikuonyeshe la kwako, na hili ni la vidole viwili. Nilipomaliza kusoma barua yako nilitafuta diski ya filamu ile, nikaisimamisha dakika ya sabini na moja, nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Kijani kinaonekana. Fundo halionekani. Si la kwenda, si la kurudi, hata nusu fundo hakuna. Sasa niambie, katika mji huu wenye watu kama mchele, nani anajua kwamba kitambaa kile kilikuwa na mafundo mawili na moja limefichwa? Wanawake wawili, na wanalala chumba kimoja. Mmoja alifunga. Kama hakuandika yeye, nani kaandika?

Ammi alisema, "Rudia hapo kwenye mafundo." Umeiandika mwenyewe sentensi hiyo na hukuisikia! Mama yule anajua. Amejua tangu Sabiha hajakunja gazeti. Macho hayamuumi kuliko yalivyomuuma mwezi uliopita. Ijumaa tatu anakungoja ufungue mdomo, nawe umekaa pembeni yake unashona mapindo ya sari. Dada yako mwambie apumzike, amekushauri vibaya.

Kingine, usijione muuaji. Aliyesema turudie si wewe. Kosa lako ni dogo na linauma kwa sababu ni dogo: ulitaka mumeo aonekane, ukapeleka kitambaa chake ukambakiza yeye nyumbani. Uliwapa nusu. Watu wakipewa kitambaa bila mtu, watafanya nini zaidi ya kufuta kitambaa?

Na wao wameacha tundu, tena pana. Karatasi ile ulisaini wewe. Ammi hakusaini. Alikataa kalamu, akageukia ukuta, na miaka ishirini na moja hakuna hata mmoja kati ya mabwana wale wenye macho makali aliyeliona hilo. Mimi si mwanasheria, kwa hiyo kesho asubuhi mchukue Gaikwad, mchukue karatasi kama unayo, mwende kwenye chama chao cha watu wa kuruka, mwanasheria wa chama aisome. Lakini sijawahi kusikia mtu akifungwa na wino ambao hakuugusa.

Diski ya zamani itolewe nakala leo. Moja kwa Gaikwad, moja chamani, moja niletee mimi. Unaniuliza moyoni kama kampuni itakirudisha kile kipande? Sikudanganyi. Inawezekana kabisa kwamba hawatakirudisha. Watu waliomrudisha mtu juu kwa ajili ya kitambaa, na leo wamekifuta kwa mchana mmoja wakaenda kula, sina sababu ya kukuahidi huruma yao. Ndiyo maana sikwambii uwaombe. Nakwambia mwandike.

Mhariri wa ukurasa wa makosa anakaa meza mbili kutoka kwangu. Nimemwomba nafasi ya juu kabisa, ya Jumapili ya wiki ijayo. Amelalamika, ameniita mama wa vilio, kisha ameitenga.

Barua yako nimeiondolea jina la filamu yenyewe, na majina mengine nimebadilisha. Lakini inatoka leo, Ijumaa, na keshokutwa Sabiha atakuja na magazeti yake. Sitaki Ammi aisikie kwa Sabiha. Kwa hiyo leo, akishamaliza sala ya adhuhuri, usingoje akuombe. Weka diski. Kaa naye chini. Akisema, "Anakuja," usiseme, "Amefika." Simamisha picha hapohapo, mumeo akiwa amesimama, umwambie yote, na umwambie na hilo la karatasi, kwamba haimfungi yeye.

Halafu shika kalamu. Aseme yeye, uandike wewe, na jina la mwanawe alitaje yeye, ambaye hakuna mila inayomzuia. Akikosa pa kuanzia, mwanzishie hivi, mengine yatakuja:

"Lile la dakika ya sabini na moja si kosa. Ni mwanangu. Mliliona, mkamrudisha juu."